Kabla Hujabonyeza "Sahau": Simu Yako Inatunzaje Paswedi za Waifai?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sina boksi jipya la kufungua. Hapa mezani nina simu ya Android, nina iPhone na laptopu ya Windows 11, zote zimeshatumika, na nataka tuzipime kwa jambo moja tu: ukihama waifai moja kwenda nyingine, zile paswedi ulizokwisha kuziingiza kifaa chako kinazitunzaje, na kinakurudishiaje?

Jambo hili limenikuta. Nyumbani kwa mama tulikuwa tunabadilisha kampuni ya intaneti. Nikashika simu yangu, nikaigusa ile waifai ya zamani, nikabonyeza "Sahau", kile kitufe kinachofuta waifai na paswedi yake kwenye simu. Jioni mafundi wakaondoka kazi haijaisha. Laini mpya bado, ya zamani inafanya kazi vizuri kabisa, na paswedi yake hakuna aliyeikumbuka. Televisheni ilikuwa nayo lakini haionyeshi. Simu ya mama ilikuwa nayo pia, ila ni ya zamani na haina mahali pa kuitazama. Ikabidi tuirudishe ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai, kwenye hali ya kiwandani, mipangilio ya laini ikafutika, fundi akaitwa tena. Mama alikaa siku mbili bila kuongea kwa video na wajukuu. Iliniuma.

Sasa tuone. Android kwanza. Kuanzia toleo la 10, la mwaka 2019, ukigusa mtandao uliohifadhiwa ukabonyeza "Shiriki", simu inakutaka alama ya kidole au PIN, kisha inakuletea msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti unaosomwa na kamera. Kwenye simu nyingi paswedi yenyewe imeandikwa hapo chini. Mgeni anaelekeza kamera, ameingia. Napenda sana sehemu hii. Lakini sikilizeni: ule msimbo haujafichwa kwa namna yoyote. Ndani yake kuna jina la waifai na paswedi, herufi kwa herufi. Ukiupiga picha ukautuma kwenye kundi la WhatsApp, umegawa paswedi kwa kundi zima, na kwa kila atakayetumiwa ile picha baadaye.

Upande wa iPhone, kwa miaka mingi kulikuwa na kushirikishana tu: simu mbili zikaribiane, na kila mmoja awe na barua pepe ya akaunti ya Apple ya mwenzake kwenye orodha yake ya majina. Ukitaka kuisoma paswedi yako mwenyewe, hapana. Hilo lilibadilika mwaka 2022 na iOS 16. Sasa unaigusa, unathibitisha kwa uso au kidole, unaisoma, unainakili. Angalizo moja: kama unatumia hifadhi ya paswedi ya iCloud, ile ya mtandaoni ya Apple, ukisahaulisha waifai kwenye simu, inaweza kuondoka hata kwenye kompyuta yako ya Mac.

Laptopu sitaikalia sana. Windows 11 inaionyesha kwenye mipangilio ya waifai, na kwenye Windows za nyuma kuna amri ya kuandika iitwayo netsh, ambayo mafundi wengi wanaijua.

Kwa hiyo nani bora? Kwangu mimi ni Android, kwa sababu ya ule msimbo. Nyumba yenye wageni, wapangaji, watoto wa shule wanaoingia na kutoka, unahitaji njia ambayo hata bibi ataiweza.

Kuna kitufe kingine nataka mkiogope: kile cha kuweka upya mipangilio ya mtandao. Watu wanaambiwa wakibonyeze waifai ikisumbua. Kinafuta paswedi zote za waifai kwa pamoja, na kwenye simu nyingi za Android hata vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha. Kama tatizo ni waifai moja, sahaulisha hiyo moja, na paswedi yake uwe umeshaiandika.

Na kusahaulisha kwenye simu yako hakumwondoi mtu mwingine. Mpangaji aliyehama mwezi jana, paswedi bado anayo kwenye simu yake. Akipita karibu na dirisha, simu inashika yenyewe. Dawa ni kubadilisha paswedi kwenye ruta. Zile waifai za bure za hotelini na stendi zisizo na paswedi ndizo za kusahaulisha bila huruma, au angalau uzime kuunganisha kiotomatiki, kwa sababu mtu yeyote anaweza kufungua waifai yenye jina lilelile na simu yako ikajiunga.

Nimeacha tamu mwisho. Ukibadilisha kampuni, si lazima uzunguke nyumba nzima ukiingiza paswedi upya. Ipe ruta mpya jina lilelile la zamani, herufi kubwa na ndogo zilezile, paswedi ileile na aina ileile ya ulinzi. Vifaa havijui kwamba ruta imebadilika. Ruta nyingi hurusha waifai kwa masafa mawili; hakikisha tu yale ya 2.4 GHz yamewashwa, maana kamera na televisheni nyingi za bei nafuu haziyaoni yale ya 5 GHz.

Hii hapa ruta mpya ya mama, nimeshaipanga hivyo. Ya zamani naizima... hii naichomeka. Tusubiri taa kidogo. Haya, simu imeshika. Laptopu imeshika. Televisheni, sijaigusa rimoti, mnaona wenyewe... imeshika. Mama, piga simu kwa wajukuu.