Chanja ya kukaushia dagaa, Igombe: nyota nne kati ya tano

Kwa wanaouliza kama chanja, yaani meza ya nguzo ya kuanikia dagaa juu ya ardhi, inalipa: inalipa, ila si kila chanja. Yangu nilitengenezewa na fundi wa huku huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nami naisifia kimo chake kwanza. Inanifika kiunoni. Kabla hajakata mti, fundi alinisimamisha na kupima pale mikono yangu inapofanya kazi bila kuinama. Upana nao ni hivyo hivyo: mkono unafika katikati, nikizunguka upande wa pili namalizia nusu iliyobaki. Aliyewahi kuanika mchangani ananielewa. Kutwa nzima umeinama, unatandaza, unageuza, unafagia, na jioni mgongo si wako tena. Nimeona chanja nyingine mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, pana kama kitanda cha harusi, wenyewe wanazipanda kwa magoti ili wageuze dagaa wa katikati. Aliyezitengeneza hajaanika hata ndoo moja maishani mwake.

Sehemu ya kuanikia ina tabaka mbili: waya mgumu chini wa kubeba uzito, wavu wa nailoni wenye matundu madogo juu. Sikubali waya mtupu, kutu yake inahamia kwenye dagaa. Maji yanachuruzika, upepo wa ziwa unapita juu na chini, na jua likiwaka sawasawa dagaa wa asubuhi nawakusanya jioni. Tofauti kubwa utaiona wakati wa mvua. Mchanga ukilowa umelowa. Dagaa waliolala juu yake wananuka, wanakatikakatika. Mimi nafunika turubai, mvua ikipita nafunua, kazi inaendelea.

Sasa njoo Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza. Mnunuzi hakuulizi umekaushaje. Anachota kiganja, anatupia mmoja mdomoni, anatafuna. Mchanga hausemewi, meno yanausikia. Dagaa wa mchanga wengi huishia kwenye chakula cha kuku, na hata huko hawapendwi: mchanga unakula mashine za kusagia, halafu mwenye kiwanda analipia uzito usiomnenepesha kuku yeyote. Anayefungasha pakiti za kupeleka madukani naye anapunguziwa kupepeta na kuchambua. Hawa wote hawajui kama nina mgongo, lakini kile kimo kilichopimwa kwa ajili ya mgongo wangu ndicho kinachowaletea mzigo safi. Nyumbani ni hadithi hiyo hiyo, dagaa unawasuuza kidogo tu, na kwa sisi tunaonunua maji kwa ndoo hilo si jambo dogo.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo mzigo hauji kidogo kidogo. Unakuja kwa mkupuo. Siku hizo chanja inajaa mapema na ndoo zinabaki zimepangana chini zikikusubiri. Wapo wanaoongeza ghorofa. Binafsi sizipendi, wa chini wanakaa kivulini na kuchelewa kukauka, mwisho unachanganya wakavu na wabichi kwenye gunia moja na kuharibu wote. Heri kurefusha chanja kuliko kuipandisha juu, kama eneo lipo.

Mambo mawili madogo. Ndege: korongo wa mwaloni hawana aibu, agiza wavu mwepesi wa kutandaza juu, la sivyo uajiri mtoto wa kuwafukuza, na mtoto anatakiwa shule. Halafu nguzo: mchwa wa huku wanaanzia pale mti unapoingia ardhini, na fundi wangu hakuweka kinga yoyote. Bei inauma ukiilinganisha na mchanga, ambao ni wa bure. Hata hivyo nimeshaagiza ya pili, kimo kile kile, ndefu zaidi, na safari hii nguzo zinasimama juu ya zege.