Interapid 312B-15: geji ya kidole kirefu kwa kazi ya mtutu

Wapo mafundi wengi wa bunduki za shabaha ambao bado wanauweka mtutu katikati ya mashine ya kukerezea, kabla ya kukata hesi na chemba (nafasi ya kukaa risasi), kwa fimbo yenye bushi (pete inayoibana ndani ya tundu). Fimbo inachomekwa kwenye tundu, geji inawekwa juu ya kipande kilichochomoza, kisha taya zinakazwa na kulegezwa mpaka sindano itulie. Njia hii inafanya kazi, ila kinachopimwa pale ni fimbo. Bushi ikilegea kidogo, fimbo inacheza. Ikibana, inakaa upande na wewe unasahihisha kosa la fimbo ukidhani ni la mtutu.

Interapid 312B-15, geji ya sindano yenye kidole kirefu, inamwondoa huyo dalali. Kijipira kilicho kwenye ncha ya kidole kinagusa chuma cha ndani chenyewe. Kidole kina urefu wa inchi 2.75, karibu mm 70, na urefu huo ndio hasa unaolipiwa. Ganda la risasi ya .308 Winchester lina urefu wa mm 51, kwa hiyo koo la chemba yake (pale chemba inapoishia na tundu la mtutu kuanza) liko ndani kuliko kidole cha geji ya kawaida kinavyofika. Hii inalifikia bila taabu, na hata la risasi ya 6.5×55, yenye ganda la mm 55, inaliweza. Kwa .300 Winchester Magnum, ganda la mm 67, usiitegemee: mwili wa geji unakaribia kugonga mdomo wa mtutu (mwisho unaokatwa chemba) kabla kijipira hakijafika panapotakiwa.

Kila mstari kwenye uso wake ni inchi 0.0005, yaani mm 0.0127. Kwa kazi inayotaka usahihi wa sehemu moja au mbili za elfu kumi za inchi, utakuwa unakadiria kwa jicho nafasi kati ya mistari. Hilo ni pungufu la kweli. Kidole kinavyorefuka ndivyo usomaji unavyopoteza ukali, na hakuna geji ya aina hii inayokwepa jambo hilo.

Kuna sharti moja la Interapid linalowachanganya watu: kidole kikae nyuzi 12 kutoka kwenye uso unaopimwa ili namba ziwe sahihi. Ndani ya tundu la mm 7.62 haiwezekani. Kidole cha mm 70 kikiinama nyuzi 12, ncha inashuka zaidi ya mm 14! Itabidi ukilaze karibu sambamba na tundu. Kosa linalotokea ni kama asilimia 2 ya usomaji, na halina madhara hapa, maana hutafuti ukubwa wa namba. Unatafuta sindano isiyosogea, na asilimia 2 ya sifuri ni sifuri.

Balaa lenyewe ni shina la kidole kugusa ukingo wa tundu. Sindano itaendelea kucheza kama kawaida, lakini inasoma mdomo badala ya koo, na fundi anaondoka na furaha ya bure. Mulika tochi, hakikisha kuna mwanga kati ya shina na ukingo kwa mzunguko mzima.

Matayarisho ni haya. Safisha tundu kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu, kwa sababu mafuta na masalia ya kusugulia yanasomeka. Funga geji kwenye kishika kisu cha mashine. Mkono wa sumaku wenye viungo vingi unanesa. Kabla ya kuchomeka, inua kidole na ukiachie mara tano: sindano isiporudi mstari uleule, usianze kazi. Weka spindo (mhimili wa mashine unaouzungusha mtutu) huru na uzungushe kwa mkono tu, kamwe si kwa mota.

Kwenye mtutu wa .30 (tundu la inchi 0.30), ambao ndani una mifereji iliyochongwa na matuta kati yake, sindano itaruka mistari minane kila kijipira kinapopanda tuta, kwa kuwa mfereji uko chini ya tuta kwa inchi 0.004. Yapuuze matuta, soma chini ya mifereji. Mtutu wenye mifereji minne ni rahisi, kwani kila mfereji una mwenzake upande wa pili. Wenye mitano unachosha: mkabala na mfereji kuna tuta, hivyo andika namba za mifereji yote kwa kalamu ndipo uamue taya ipi ya kusogeza. Na kumbuka sindano inaonyesha mara mbili ya upotofu. Ikicheza mm 0.04, sogeza mtutu mm 0.02.

Pima sehemu mbili, mm 5 na mm 60 kutoka mdomoni. Ya ndani irekebishe kwa skrubu nne za nyuma ya spindo, ya mdomoni kwa taya nne za mbele, ukirudia zamu tatu au nne. Kila taya iweke juu ya kipande cha waya wa shaba wa kama mm 3. Bila waya, taya ndefu zinaukamata mtutu kama meno, na skrubu za nyuma zinaupinda badala ya kuugeuza. Geji itasoma sifuri safi kabisa. Ukifungua taya, mtutu unajinyoosha na hesi (nyuzi za skrubu) uliyokata inabaki imeenda upande. Hapo geji haina kosa, imesema kweli kuhusu mtutu uliopindwa.

Ukishakata hesi, chuma kimepata joto. Kiache kipoe, chomeka kidole tena, na usome upya kabla ya kuingiza kekee ya chemba (kifaa cha kuchonga chemba).

Kidole ni chembamba na hakisamehe kugongwa. Kikipinda, badilisha kwa cha urefu uleule, la sivyo namba zote zinakuwa za uongo kwenye kazi nyingine za kupima. Kwa mitutu ya .22 angalia pia kipenyo cha kijipira na shina, kwani nafasi ya kucheza mle ndani ni finyu mno.