Mzee wa Nala hakuuzii Doberman mpaka awaone mbwa wako

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana mbwa uani na anataka kuongeza Doberman. Kama huna mbwa mwingine, tafuta tu mfugaji mwenye mbwa wenye afya, hata asiwe huyu, maana ninachomsifia hapa hutakiona faida yake na utahisi unazungushwa bure.

Mfugaji mwenyewe ni mzee wa upande wa Nala, hapa Dodoma, barabara ya Singida, mstaafu wa kikosi cha mbwa na farasi cha polisi. Hana bango wala ukurasa mtandaoni. Anafuga mbuzi, kuku wa kienyeji na Doberman wachache, na watu hufika kwake kwa kuelekezwa. Mimi nilielekezwa na daktari wa mifugo anayewachanja mbwa wangu.

Kwangu ni Mkonze. Nyuma ya nyumba nina mistari michache ya zabibu, na mbwa walikuwa wawili. Spika ni dume wa kienyeji, mwembamba, kilo ishirini hafikishi, na anabwekea kila kitu kuanzia bodaboda hadi kunguru, kiasi kwamba majirani wameacha kumsikia. Kashata ni jike chotara, kazeeka, kafungwa kizazi zamani, na masikio yake sasa ni mazito. Jirani alipoibiwa pampu ya maji nikaona nyumba inahitaji mbwa ambaye mwizi akimwona tu, anageuza njia.

Kabla ya Nala nilizungumza na wauzaji wengine. Mmoja wa Dar alinitumia picha kwa WhatsApp: mtoto wa wiki tano, tayari amekatwa masikio, anasema atamweka kwenye boksi na kumpandisha basi la usiku. Wiki tano! Mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama na ndugu zake mpaka afikishe walau wiki nane, kwa sababu humo ndimo anamojifunza lugha ya mbwa wenzake: ukiuma sana mwenzio analia na mchezo unakwisha, mama akikunja mdomo unarudi nyuma. Ukimtoa mapema, hayo yote hana, kisha unamleta kwenye nyumba yenye mbwa wakubwa wawili na kushangaa anagombana. Mwingine, hapa hapa mjini, alikuwa na watoto weusi wenye madoa ya kahawia juu ya macho, wazuri kweli, ila hakutaka nimwone mama yao. Hao wote swali lao lilikuwa moja: dume au jike, na utalipa lini.

Nala mambo yalikuwa tofauti tangu salamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani una mbwa?"

Nikamwambia ninao wawili. Akataka kujua ni jinsia gani, umri wao, nani anakula kwanza, nani analala mlangoni, na kama waliwahi kugombana na ni juu ya nini. Pesa hakuigusa. Wakati huo macho yangu yalikuwa yameshamdaka dume mmoja mweusi, kifua kama mlango wa benki, amekaa kimya ananitazama. Nikasema namtaka huyo.

"Huyo sikuuzii."

Akanieleza bila kupamba. Dume wa Doberman aliyekomaa ni kilo 40 hadi 45, na begani anafika sentimita 68 hadi 72. Doberman wengi madume hawavumilii dume mwenzao, na shida haionekani wakiwa wadogo. "Leo watacheza, utapiga picha. Akishafika mwaka na nusu, miwili, utarudi toka kazini ukute huyo Spika wako ameraruliwa. Na ukiingia kuwaamua, utang'atwa wewe." Nikajaribu kubishana kwamba nyumba ni kubwa. Akaniuliza kama geti ni mawili, kila dume na upande wake. Nikanyamaza.

Kabla ya kuuza chochote huja nyumbani kwako, na ujio huo unaulipia: elfu thelathini pamoja na nauli ya bodaboda, hata kama mwisho hamtauziana. Wapo watakaoona ni wizi. Mimi nasema ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika safari hii. Alizunguka uzio wote, akaonyesha pale Spika anapochimba, akasema mwanya huo mbwa wa kienyeji anautumia kwenda kutembea na kurudi, Doberman atautumia kumfuata mpita njia. Akafika kwenye zabibu akasimama. Mbwa wako wanaokota? Nikasema Spika huzila zikianguka. Akanikanya kwa ukali: zabibu, mbichi au zilizokaushwa, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna anayejua mbwa yupi zitamdhuru na yupi zitampita. Nimeishi kwenye mji wa zabibu miaka yote hii, nikiwarushia mbwa vichala vilivyooza, na hakuna aliyewahi kuniambia. Sasa mistari ile imezungushiwa wavu.

Alipomaliza akatoa uamuzi: jike, asiwe mtoto, na Spika ahasiwe kwanza. Asiwe mtoto kwa ajili ya Kashata. Mtoto wa Doberman hana breki, atamrukia bibi wa watu kutwa nzima, naye akichoka atauma. Ila alinitahadharisha kwamba jike kwa jike nako kuna ugomvi, na wakichukiana huwa hawasahau. Kwa hiyo lazima wakutanishwe kwanza.

Hapa ndipo huduma yenyewe ilipo. Alikuwa na majike wawili waliomaliza mwaka. Mmoja mweusi, mrembo, anang'aa. Mwingine wa rangi ya kahawia, Karafuu, aliyerudishwa na mwenye naye wa kwanza baada ya kuhamishwa kikazi. Tulikutana uwanja wa wazi kando ya korongo kavu, mbali na kwake na mbali na kwangu, ili pasiwe na mbwa wa kulinda pake. Yeye na mjukuu wake waliwashika wa kwao, mimi na kijana wangu tukawashika wetu. Hatukuwakutanisha pua kwa pua. Tulitembea tu, sote upande mmoja, mbwa wakiwa hatua kadhaa mbali, kamba zimelegea. Alilisisitiza sana hilo la kamba: ukiivuta, mbwa anajua una hofu, na hofu yako anaihesabu kwamba mwenzake ni adui.

Yule mweusi alitembea vizuri mpaka Kashata alipokohoa. Akaganda. Mkia juu, mdomo umefungwa, macho yamemng'ang'ania. Hakubweka hata kidogo. Mimi niliona mbwa mtulivu; mzee akamgeuza na kumwondoa hapo hapo. "Anayebweka anakwambia. Huyu ameshaamua." Nilimtaka yule mbwa, sitaficha, na nilitoa hadi ahadi ya kuongeza pesa. Alikataa.

Karafuu alimnusa Spika, akainamisha kifua matako juu, wakakimbizana kadiri kamba zilivyoruhusu. Kwa Kashata alikwenda kwa mzunguko, akageuza uso pembeni, akamnusa nyuma, akaondoka zake. Kashata akajikung'uta na kukojoa. Mzee akasema mambo yamekwisha.

Karafuu ana mkia wake mrefu na masikio yanayoning'inia, kwa sababu mzee hakati. Wateja wengi humlalamikia, wanataka yale masikio ya kusimama ya kwenye picha. Ujerumani, walikotoka mbwa hawa, kukata masikio na mkia kumepigwa marufuku siku nyingi. Yeye sababu yake ni ya kazi zaidi: mkia na masikio ndivyo mbwa wenzake wanavyosomea nia yake, ukivikata unawaletea mgeni aliyefunikwa uso. Kwa nyumba yenye mbwa kadhaa naona ana hoja.

Anapenda pia kuhadithia asili yake. Louis Dobermann, mkusanya kodi wa mji wa Apolda huko Ujerumani, karne ya 19, aliyekuwa pia akishughulika na mbwa wa mitaani, alitaka mbwa wa kutembea naye na kumlinda. Nilidhani ni soga za uzeeni, kumbe alikuwa ananipa onyo. Mbwa huyu alitengenezwa aambatane na mtu, si afungwe mnyororo kwenye mwembe. Anamng'ang'ania mwenye naye, na ugomvi nyumbani hautokei kwenye chakula peke yake, unatokea mlangoni unaporudi na vifurushi na kila mbwa anataka awe wa kwanza kwako. Masharti aliyoniachia yanatokana na hilo. Nikifika namsalimia Kashata kwanza. Bakuli ziko mbali, Karafuu anakula nyuma ya mlango wa wavu. Mifupa hakuna wakiwa pamoja. Nikitoka, miezi ya mwanzo, Karafuu anabaki upande wake. Na dona lake na mapupu anapewa mara mbili kwa siku, hakimbii akimaliza kula, kwa kuwa mbwa wa kifua kirefu namna hii tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo una saa chache tu za kumwokoa.

Yanayonikera sasa. Simu hapokei. Unapiga asubuhi, anakupigia keshokutwa, na hajui kwamba ulikuwa na haraka. Risiti hana, nilipewa karatasi ya daftari yenye sahihi mbili, inayosema mbwa asipopatana na wenzake atampokea wakati wowote na kurudisha nusu ya pesa. Kadi ya chanjo ilikuwa sawa, kichaa cha mbwa kimo na tarehe zinasomeka. Lakini Karafuu alikuja na kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, na nilipomlalamikia akasema Dodoma kupe ni wa kila mtu. Kweli, ila homa ya kupe inaua mbwa, na anayechanganya mbuzi na mbwa kwenye boma moja angemwogesha dawa mbwa wa kuuza. Daktari alimpima damu, akamwanzishia dawa, gharama ikawa yangu.

Na juu ya baridi sikubaliani naye. Anaamini mbwa ni askari. Doberman ana manyoya mafupi ya tabaka moja, na Juni na Julai upepo wa hapa ukianza usiku, Karafuu alitetemeka mpaka meno yakagongana. Nimelizungushia banda turubai na kuweka magunia yenye nyasi kavu. Spika, ambaye hajawahi kulala bandani maisha yake yote, sasa halali kwingine.

Kuhusu moyo nilimuuliza mwenyewe, na hapa nampa alama zote. Doberman wana ugonjwa wa moyo kupanuka na kudhoofika. Tafiti za Ulaya zimeukuta kwa zaidi ya nusu ya mbwa hawa, na mbwa anaweza kuanguka na kufa bila dalili uliyoiona. Muuzaji wa Dar alijibu, "Wangu hawana magonjwa." Mzee aliniambia alimpoteza dume mmoja ghafla akiwa na miaka sita, na watoto wa dume yule hawazalishi tena. Kisha akaniambia Karafuu si wa ukoo huo, lakini hawezi kuniapia. Daktari humsikiliza moyo kila anapokwenda kwa chanjo.

Bei: Karafuu laki saba, kwa sababu ni mkubwa na amerudishwa. Mtoto ni milioni moja na laki mbili. Kumhasi Spika ni juu yako, kwa daktari wako, kabla ya siku ya kuchukua mbwa, na mzee atataka kuona kidonda kimepona.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na kupe na simu.

Ukitaka Doberman wa wikiendi hii au wa kumpa mtu zawadi, usijisumbue, mzee atakurudisha. Yule dume mweusi mara ya mwisho nilipoulizia alikuwa bado hajauzwa. Kama kwako hakuna dume mwingine na uzio wako hauna mwanya, mpigie alfajiri kabla hajatoka na mbuzi, na uwe na majibu ya maswali yake.