Begi la bega au la mgongoni kwa gofu ya diski?

Gofu ya diski ni mchezo wa kurusha visahani vya plastiki hadi viingie kikapuni, na diski moja ina uzito wa gramu 175 hivi. Ukibeba nane, hufikishi kilo moja na nusu. Ukibeba 20, tayari ni kilo tatu na nusu, maji na taulo bado.

Begi la bega linamfaa mwenye diski chache anazozijua vizuri: mbili za kutumbukiza kikapuni, zilizobaki za masafa ya kati na ya mbali. Ni jepesi, na kwa kawaida bei yake iko chini. Tatizo ni ule mkanda mmoja. Uzito wote unaelemea upande mmoja, na ukiinama kuokota diski begi linateleza mbele.

La mgongoni hugawa uzito mabega yote mawili, na lina nafasi ya koti la mvua. Mchezaji wa vikapu 18 au wa mashindano atalihitaji, maana upepo ukigeuka anataka diski nyingine. Kagua kitako chake: kama halisimami lenyewe kwenye mteremko, achana nalo. Halafu begi kubwa lina kishawishi, utalijaza hata diski usizozirusha kamwe.

Anayeanza ningemwambia achukue la bega; diski nyingi mapema humchanganya tu.