Tahadhari Mombasa: Anayeuza "seti kamili" ya The Sandman ni tapeli

Jamani, wapenzi wa katuni za watu wazima hapa Mombasa, shikeni pesa zenu. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akitangaza hadithi ya katuni ya The Sandman, vitabu vyote kumi, kwa Sh9,500, "orijino kutoka Marekani". Nimenunua kwake. Si orijino, wala havijatimia.

Hadithi hizi nilizijua kupitia vitabu viwili alivyoniletea mjomba wangu baharia aliposhuka melini Kilindini. Nilivisoma hadi kurasa zikaachana na gundi. Nimelelewa na hadithi za nyanya, za majini ya mibuyuni na watu waliokwenda kuzimu wakarudi, kwa hivyo nilipomkuta mle Orpheus, yule mwimbaji wa hadithi za kale za Wagiriki, tena amefanywa mwana wa Bwana wa Ndoto, ndiye Sandman mwenyewe, usingizi ulinipaa. Niliposikia seti nzima inauzwa papa hapa mjini, niliweka akiba miezi minne.

Nilimwomba picha, akatuma tano, vitabu vimepangwa vizuri kwenye rafu. Akaniandikia: "Dadangu, imebaki moja tu, na kuna mtu wa Nyali anaitaka leo." Nikatuma pesa. Ni baadaye, nikiwa na hasira, ndipo nilipoikuza ile picha ya pili nikaona soketi ya umeme ukutani, yenye matundu mawili ya mviringo. Soketi zetu zina matundu matatu ya pembe. Rafu ile haiko Mombasa, na vitabu vile havijawahi kuwa vyake.

Mzigo uliletwa Majengo na kijana wa bodaboda, umezungushiwa selotepu tabaka juu ya tabaka. Kijana hana kosa. Alikabidhiwa kando ya barabara Mwembe Tayari akalipwa kuufikisha, basi. Nikafungua, na harufu ya wino wa mashine ikanipiga kabla sijaona hata jalada moja.

Aliyesoma hadithi hii anajua kwamba Bwana wa Ndoto haongei kama wenzake. Wengine viputo vyao vya maneno ni vyeupe na herufi nyeusi, vyake yeye ni vyeusi na herufi nyeupe, na ndiyo maana ukivisoma tu unaisikia sauti yake. Kwenye nakala hizi wino umefurika ukazimeza zile herufi. Kila anapofungua kinywa ni doa jeusi. Niliketi kitandani nikipekua kitabu baada ya kitabu, nikitafuta walau sentensi yake moja inayosomeka, na katika vitatu vya kwanza sikuipata. Yeye ndiye mwenye hadithi, na amefanywa bubu.

Kilichoniuma zaidi ni kitabu cha sita, ndimo ilimo hadithi ya Orpheus. Ukurasa mmoja anashuka kuzimu kumfuata mkewe, ukifunua unaofuata uko kwenye hadithi nyingine kabisa. Kurasa zimerukwa. Kingo nazo zimekatwa vibaya, maneno ya pembeni yamekwenda na karatasi. Kisha geuza uangalie nyuma. Namba ya ISBN ni kama kitambulisho, kila kitabu kina yake. Hivi vyote kumi vina namba moja.

Nilipompigia alipokea mara moja tu. "Nitakubadilishia dadangu, tuma mia tano ya kusafirisha." Huo ni mtego wa pili, msitume. Nilipokataa akaniblok. Ujumbe wa M-Pesa niliupeleka 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini alikuwa keshazitoa. Analipwa kwa namba ya mtu binafsi, hana Till, yaani namba ya malipo ya biashara, na jina lililotokea nilipokuwa natuma halikuwa lile analojiita. Nililiona, nikaendelea. Ukiona hivyo wewe, katiza hapo hapo.

Duka analosema liko ghorofani Digo Road pia nimelipandia. Nimekuta mafundi wa simu. Hawamjui, na waliniambia mimi ni mtu wa tatu kumuulizia wiki hiyo.

Sasa amebadilisha chambo. Juzi amemtumia rafiki yangu picha ya "toleo namba moja la 1989, chapa ya kwanza", anataka Sh6,000. Jaladani pana nembo ya Vertigo. The Sandman ilitoka kwanza kwa matoleo membamba 75, kati ya 1989 na 1996, ndiyo yaliyokusanywa kuwa vile vitabu kumi, na hiyo Vertigo ni chapa ambayo DC, kampuni inayoichapisha, iliianzisha 1993. Toleo la kwanza lilipochapwa nembo hiyo haikuwepo duniani. Akikutumia picha hiyo, usibishane naye, muache.

Na kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko pesa. Vitabu hivi vinatoka na onyo jaladani kwamba ni vya wasomaji wazima. Kwenye nakala zake onyo limefutwa, na kwa wazazi anavitangaza kama "katuni za majini, watoto watazipenda". Jirani yangu alimnunulia mwanawe wa miaka kumi na miwili kitabu cha kwanza. Humo mna sura ya watu waliofungiwa mgahawani saa 24, wakilazimishwa kutendana unyama mpaka kufa. Mimi mtu mzima niliisoma nikaifunga nikatoka nje kupunga hewa. Yule mtoto aliisoma peke yake usiku, na mamake amejua tu alipokataa kulala bila taa. Nyinyi wenye watoto, fungueni kitabu mkitazame wenyewe kabla hamjawapa.

Nimeandikisha kituoni, nina namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na vitabu vyote kumi nimevihifadhi na selotepu yake. Tumejuana watu wanne tuliotapeliwa naye. Jumatatu saa nne asubuhi tunakwenda pamoja kuongeza maelezo. Kama na wewe ulinunua kwake, usitupe karatasi hata moja, weka ile meseji ya M-Pesa, na uandike hapa chini ili tukuhesabu.