Mbolea maji ya samaki: muulize muuzaji kwanza nini kinaizuia isioze

Magunia kumi na moja ya udongo niliyopandia maharagwe na pilipili hoho yameniharibikia hapa Walukuba, Jinja, Uganda, kwa sababu ya chupa moja ya mbolea maji ya samaki niliyoinunua kwa shilingi 35,000. Majani yalianza kukauka pembeni, yale ya chini kwanza, yakawa ya kahawia kama yamepitishwa karibu na jiko. Nilidhani mimea ina njaa, nikaongeza kipimo. Siku kumi baadaye maharagwe yalikuwa yamelala, na udongo umefanya ukoko mweupe juu. Mama yangu alipokuja kutusalimia aliukwangua kwa ukucha, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni chumvi."

Nikamrudia muuzaji. Hakuona haya hata kidogo. Alinieleza kwamba matumbo na vichwa anavichukua kwa watu wa samaki wa chumvi, wale wa upande wa Ziwa Albert wanaovushwa kwenda Kongo, na kwamba chupa zikianza kuvimba yeye huongeza chumvi kidogo "ili mali isiharibike, mama." Tangu nisimulie kisa hiki, wenzangu watatu tunaolima majumbani wameniletea majani yaliyoungua vilevile. Ndiyo maana naandika.

Kila anayetaka kununua mbolea hii huuliza habari ya harufu. Sitaizungumzia. Ni samaki, itanuka, na ukiifunika na udongo kidogo itapungua kwa siku mbili tatu. Mimi nataka umuulize muuzaji swali moja tu: nini kinaizuia hii isioze?

Samaki aliyesagwa ataoza, hiyo ndiyo asili yake. Anayetaka kumweka kwenye chupa miezi sita ana njia tatu. Kuna asidi: viwanda huitia mpaka pH (kipimo cha ukali wa asidi, kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ishuke karibu na 4 au chini zaidi, na bakteria wa kuozesha hushindwa kuishi humo. Kuna sukari, kwa kawaida molasi, ambayo huchacha na kutengeneza asidi yake yenyewe. Na kuna chumvi, iliyo rahisi kuliko zote. Asidi ukishaichanganya na maji mengi haina nguvu ya kuudhuru mmea. Sukari huliwa na vijidudu vya udongo. Chumvi haiendi popote mpaka maji mengi yaisukume chini.

Mwenye shamba wazi anaweza kusaidiwa na mvua za Machi hadi Mei. Lakini sisi tunaolima kwenye magunia, matairi na jerikeni zilizokatwa, tena chini ya bati la baraza, tunamwagia kopo moja asubuhi, jua linalinyonya lote, chumvi inabaki palepale, na baada ya wiki tunaongeza nyingine. Na mazao tunayoyapenda ndiyo yasiyoivumilia: maharagwe, karoti, vitunguu, stroberi. Nyanya huvumilia kidogo zaidi. Bitiruti huvumilia sana, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha picha ya bitiruti zake zilivyonawiri, hajakuthibitishia chochote kuhusu maharagwe yako.

Msiogope neno bahari kwenye lebo, kwa sababu wengi wamenitajia hofu hiyo. Samaki wa baharini wa kawaida, mwenye mifupa, huidhibiti chumvi mwilini mwake. Damu yake ina takriban theluthi moja tu ya chumvi iliyo kwenye maji anamoogelea. Ninachokiogopa mimi ni chumvi iliyotiwa kwa mkono.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini, udongo uleule, panda maharagwe matano kila kopo. Moja limwagilie maji matupu, jingine mbolea iliyochanganywa kama lebo inavyosema. Subiri wiki mbili. Maharagwe ya kopo la mbolea yakichelewa kuota, au majani yakaungua pembeni wakati ya kopo la maji matupu ni mazima, chupa hiyo usiisogeze karibu na bustani. Nakuomba ufanye hivi hata kwa chupa ya mtu unayemwamini.

Sasa, ninazozipendekeza.

Ya kwanza kwangu, na upendeleo wangu siufichi, ni Neptune's Harvest ya Gloucester, Massachusetts, Marekani. Hutengenezwa kwa masalio ya samaki baada ya minofu kutolewa. Husagwa na kumeng'enywa kwa vimeng'enya badala ya kuchemshwa, kwa hiyo mafuta ya samaki hubaki ndani. Namba zake ni 2-4-1: asilimia 2 ya naitrojeni, 4 ya fosforasi, 1 ya potasiamu. Ile fosforasi sehemu yake inatokana na asidi ya fosforasi inayoihifadhi isioze. Yaani kinachoilinda chupani ndicho chakula cha mmea udongoni! Hapo ndipo iliponiteka. Naichanganya mililita 8 kwa lita moja ya maji, sawa na vijiko vitano vya mezani kwa jerikeni la lita 10, kila baada ya wiki mbili. Pilipili hoho nilizopanda upya zimekwenda nayo hadi kuzaa bila jani moja kuungua.

Ni ghali, najua. Dukani kwetu haipo, huagizwa, na chupa ya mililita 946 ilinigharimu shilingi 160,000 hadi kufika mlangoni. Lakini piga hesabu nami. Kwa kipimo hicho inatoa kama lita 118 za kumwagilia, yaani takriban shilingi 1,350 kwa lita. Ile chupa yangu ya 35,000 ilikuwa ya lita moja, na lebo ilitaka mililita 50 kwa kila lita ya maji. Inatoa lita 20. Hiyo ni shilingi 1,750 kwa lita, kwa maji ya chumvi.

Ya pili ni ya samaki wabichi wa Ziwa Victoria na molasi, ununue kwa mtu anayekuruhusu uone anavyoitengeneza au uifanye mwenyewe. Sisi wa Jinja hatuna sababu ya kushindwa: samaki wako Masese, na miwa imetuzunguka hadi Kakira, kwa hiyo molasi haiwi mbali. Vichwa vya sangara usivitarajie, watu wanavila na wana haki. Mabondo, ile mifuko ya hewa ya samaki, ndiyo kabisa, wafanyabiashara huyawahi kabla samaki hajapoa. Utakachopata ni matumbo na magamba ya ngege (tilapia), na vinatosha. Katakata, changanya na molasi kwa uzito sawa kwa sawa, jaza ndoo nusu tu maana itapanda, funika bila kukaza ili gesi itoke. Acha wiki tatu au nne, kisha chuja kwa kitambaa. Imwage shinani, kamwe isiguse majani ya dodo (mchicha) au sukuma utakayochuma wiki hiyo. Haina namba za kuaminika kama ya kiwandani, ndiyo maana naiweka ya pili.

Ya tatu ni zile za kuchemshwa, mfano wake ni ile ya chapa ya Alaska, ya 5-1-1. Naitrojeni yake ni nzuri kwa mboga za majani. Ila mafuta yameshatolewa, na fosforasi ni ndogo, kwa hiyo pilipili na nyanya zangu siipi.

Za jerikeni sokoni, zisizo na lebo, ziache.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata zenye lebo hazikwambii kitu. Chupa ya maji ya kunywa iliyooshwa, karatasi ya rangi, picha ya nyanya kubwa, na maneno "inafaa mazao yote". Asilimia hakuna. Tarehe ya kujazwa hakuna. Samaki alitoka ziwa gani, hakuna. Ukiuliza unaambiwa wewe mama unauliza maswali mengi kwa magunia machache. Ukishuka na boda unatajiwa bei moja, ukishuka kwenye gari nyingine. Mtu anayelima magunia kumi na moja anawalisha watoto wake kwa magunia hayo kumi na moja. Anastahili kuambiwa anachokimwaga humo.

Magunia yangu niliyatoa barazani nikayaweka mvuani, nikayamiminia ndoo tatu za maji safi kila moja, kwa siku nne, mpaka ule ukoko ukaisha. Sita yamekubali kuotesha tena. Matano udongo wake nimeumwaga. Na wiki iliyopita nilipita kwa yule muuzaji: chupa ileile, lebo ileile, sasa ni shilingi 40,000.