Msasa wa maji kwa mikwaruzo ya gari: upi ununue, upi uuache dukani

Malalamiko ninayoletewa juu ya msasa wa maji, ule unaosuguliwa ukiwa umelowa, yanafanana mno. Mtu ana Noah au IST, mlango umekwaruzwa na mkokoteni kichochoroni au na miiba ya njia ya shamba. Ananunua karatasi namba 2000, anasugua taratibu, anapiga kampaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia rangi, gari inang'aa. Asubuhi yake jua likipiga kwa ubavu anauona mstari mmoja mrefu, wa ndani, ambao mwanzo haukuwepo. Hapo anaulaumu mkono wake, au fundi, au kampaundi. Mara nyingi kosa ametoka nalo dukani.

Habari za namba gani inafuata ipi (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) kila mtu anazo, kwa hiyo sianzi nazo. Naanza na kasoro ambayo sijamsikia muuzaji hata mmoja akiitaja: chenga ngeni, yaani punje kali ya msasa mwingine au ya mchanga iliyonata kwenye karatasi laini.

Chenga moja inatosha kuharibu mlango

Kwa kipimo cha herufi P, yaani cha Ulaya, chenga za P2000 zina wastani wa mikroni 10 (mikroni elfu ni milimita moja). Za P80, ule msasa wa kukwangulia puti ya kujazia mabonde ya bodi, ni mikroni 200. Klia ya kiwandani, yaani lile tabaka la juu linalong'aa, kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 35 hadi 50. Sasa chenga moja ya P80 ikinata juu ya karatasi ya P2000 inasimama mara ishirini ya wenzake. Haihitaji kuzama yote. Ikizama robo tu imeshafika kwenye rangi, na hapo hakuna poli itakayokusaidia.

Chenga hiyo inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiwandani: viwanda vya bei ya chini havichambui chenga vizuri, na kubwa chache hupita pamoja na ndogo. Ya pili ndiyo yetu hasa. Bunda linafunguliwa, karatasi zinauzwa mojamoja, na zote zinalala kwenye boksi moja: P80 uso kwa uso na P2000, pembeni misumari na mifuko ya saruji. Kila muuzaji akichomoa moja, zile za juu zinasuguana na msasa mkali unapukutisha. Ongeza vumbi la barabara linaloingia dukani mchana kutwa, na unyevu wetu wa pwani unaolinatisha vumbi hilo pale lilipotua. Karatasi inaweza kuwa ya jina kubwa kabisa na bado ikawa imeshaharibika kabla hujailipia.

Ichunguze hapo hapo kaunta. Washa tochi ya simu na uilaze karibu sawa na karatasi. Uso wa msasa mzuri unaonekana wa kijivu tulivu, na nukta yoyote inayometa peke yake ni sababu ya kuirudisha. Halafu beba CD ya zamani mfukoni. Lowesha ule upande wake unaong'aa, pitisha kona ya karatasi mara tano kwa mkono mwepesi, ufute. Ukiona ukungu wa aina moja, chukua. Ukiona mstari mmoja umejitenga, acha. Mwisho dondosha tone la maji mgongoni mwa karatasi usubiri dakika mbili tatu. Likinywewa, huo ni msasa wa mbao uliopakwa rangi nyeusi, utameguka ndani ya ndoo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Herufi P isipokuwepo

Hapa wengi wanaingia mtegoni. P1000 ina chenga za mikroni 18. Karatasi iliyoandikwa 1000 bila P, kwa kipimo cha Kimarekani, ina chenga za mikroni 9 hivi, laini hata kuliko P2000. Kipimo cha Kijapani nacho ni kingine: 1000 yake ni mikroni 11 na nusu, na 2000 yake iko chini ya 7. Kutumia kipimo chochote peke yake si tatizo. Tatizo ni kuchanganya, ukaanza na 1000 isiyo na P kisha ukafuatishia P1500 ukidhani unalainisha, kumbe unarudi nyuma na kuchora upya. Geuza karatasi usome mgongoni. Isiyoandikwa kitu mgongoni hatuizungumzi.

Ninavyozipanga

Ya kwanza ni 3M Wetordry 401Q, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa 3M. Msasa wa maji wenye jina hilo uliingia sokoni mwaka 1921, na kazi iliyoupa umaarufu ni hii hii ya rangi za magari, kwa sababu maji yaliondoa vumbi lililokuwa likiwala mafundi mapafu. Karatasi za 401Q ni nusu saizi, milimita 138 kwa 230, zinapatikana P1500, P2000 na P2500, bunda lina karatasi 50. Ninachokipenda ni kile nilichokwisha kukisema: chenga zake ziko sawa. Ukisugua mita nzima ya boneti, ukungu unatoka wa rangi moja, na kampaundi inaumaliza kwa mapito machache. Mgongo wake ukilowa unalainika bila kuoza, hivyo kona hazijikunji na kuchora. Usiichanganye na 734 ya kampuni hiyo hiyo. Ile ni nzuri kwa praima (rangi ya chini kabisa) na puti, ila haikukusudiwa hatua ya mwisho juu ya klia.

Ya pili ni Mirka ya Ufini, ile ya maji. Inakunjika vizuri zaidi kwenye mbonyeo wa mlango na pembe za bampa, na kwa mtu asiyetumia kibao cha kuzungushia msasa ni rahisi kuiongoza. Naiweka ya pili kwa kuwa naiona inachoka mapema. Baada ya nusu mlango unaisikia inateleza tu. Ukiipata ikiwa ndani ya bunda lake na 3M iko wazi kwenye boksi, chukua Mirka bila kufikiri.

Ya tatu Matador, ya Starcke wa Ujerumani. Ngumu, inadumu, inafaa hatua za mwanzo kama P1000 na P1200. Kwa P2000 sina haja nayo, naiona mgongo wake mkavu kidogo. Inataka kulowekwa muda mrefu zaidi.

Kovax ya Japani ingekuwa juu kama isingekuwa suala la vipimo. Chenga zake ni safi mno. Kama utanunua namba zote za kazi yako kutoka kwao, nunua. Kama utachanganya na za Ulaya, soma tena ile sehemu ya herufi P.

Kwa hatua ya kumalizia, sahani za sponji za Trizact P3000 za 3M, zinazotumika na mashine ikiwa na unyevu kidogo tu, zinapunguza sana kazi ya kampaundi. Ni ghali. Mwenye gari moja na mkwaruzo mmoja anaweza kuishi bila hizo, akipita P2500 kwa mkono badala yake.

Na za bei poa zisizo na jina? Zinafaa kusugulia geti.

Kiasi gani, na kazi inakwendaje

Kwanza pitisha ukucha kwa kukatisha mkwaruzo. Usiponasa, hukuhitaji msasa, kampaundi inatosha. Ukinasa kidogo na ndani huoni rangi tofauti, msasa utasaidia. Ukiona weupe au kijivu cha praima, au bati lenyewe, acha kabisa; huo ni wa kupakwa rangi, na kwa hewa yetu ya chumvi bati lililo wazi halingoji wiki kuanza kutu.

Kwa mlango mmoja nunua nusu karatasi mbili za P1500, mbili za P2000 na moja ya P2500. P1000 usiiguse ila kwa mkwaruzo mzito, na iwe kipande cha vidole viwili. Loweka dakika 20 hadi 30 kwenye maji yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo kwa lita. Maji yawe ya bomba, uyachuje kwa kitambaa. Maji ya kisima huku pwani yana chumvi, na mara nyingi yana mchanga laini, nao mchanga ni chenga ngeni nyingine. Kila namba iwe na ndoo yake, au umwage na kusuuza kabla ya kubadili.

Gari iwe kivulini na bodi imepoa. Juani maji yanakauka katikati ya msuguo na karatasi inanata. Osha, bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote na kwenye mistari ya bodi iliyochomoza, kwa sababu pale klia ni nyembamba na ndipo inapotoboka kwanza. Zungushia karatasi kibao cha mpira. Mafundi wetu hutumia kipande cha kandambili, na si vibaya ikiwa ni mpya na bapa. Iliyovaliwa ina bonde la kisigino, na bonde hilo linahamia kwenye mlango wako. Usisugue kwa ncha za vidole, zinachimba mifereji.

Sugua kwa mstari ulionyooka, uzito wa kiganja tu, mara kumi hadi kumi na tano, kisha futa kukauke utizame. Sehemu iliyosuguliwa inafifia, mkwaruzo unabaki kama uzi unaong'aa katikati. Uzi ukipungua, endelea. Ukikaribia kupotea, simama hapo hapo. Kuufukuza mpaka chini ni kuitoa klia yote ambayo jua letu litaihitaji miaka ijayo. Mkwaruzo uliobaki robo, kingo zake zikiwa zimelainika, hauonekani tena mtu akisimama mita moja. Badili namba, geuza mwelekeo upite kwa kukatisha, ili ujue mistari ya namba iliyotangulia imekwisha.

Tizama maji. Yakiwa meupe kama tui, unakula klia, ni sawa. Yakigeuka rangi ya gari, umeshatoboa, isipokuwa kama gari ni ya rangi moja isiyo na klia, kama yalivyo malori mengi ya zamani. Na ukihisi karatasi imekwaruza ghafla, au ukisikia mlio mkavu, inua mkono papo hapo. Usimalizie ule mpito. Suuza bodi na karatasi, pitisha tochi. Hapo ndipo chenga inapokamatwa ikiwa imechora sentimita tano badala ya mlango mzima.

Kampaundi ya Farecla G3 inaondoa alama za P1500 na laini zaidi, na inapenda unyunyu wa maji. Mashine ya kuzunguka isizidi mizunguko 1,500 kwa dakika, nayo isisimame mahali pamoja. Kabla hujashangilia, osha kwa maji ya sabuni, kwani poli nyingi zina mafuta yanayoziba mistari kwa siku chache tu, halafu mvua moja ya vuli inaifunua yote.

Sasa hawa wauzaji

Ukiingia duka la vifaa hapa Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, ukaulizia msasa wa P2000, jibu ni moja: "Zote moja tu, sheikh, hii ya Kichina hii ya Ulaya." Zote moja, ila bei mbili! Ukitaka bunda zima, unaambiwa haliuzwi, kwa sababu karatasi mojamoja ndiyo yenye faida. Ukitaka kuichunguza, unaulizwa kama umekuja kununua au kukagua. Nauli ya boti kutoka Dar inatajwa kama sababu ya bei, na mzigo una gharama zake, sikatai. Lakini bunda la karatasi 50 halizidi unene wa daftari, na nauli hiyo ikigawanywa kwa karatasi haifiki mbali. Sioni kwa nini nilipe bei ya jina la Ulaya kwa karatasi iliyolazwa juu ya msasa wa kukwangulia puti.

Kwa walioko Pemba hali ni ngumu zaidi, kwani Chake na Wete chaguo la namba laini ni dogo. Ushauri wangu kwa pande zote mbili ni kuchangishana: watu wanne au watano, fundi mmoja miongoni mwao, mwagize bunda la P2000 na la P1500 yakiwa na plastiki yake, myafungue wenyewe na kugawana. Kila namba uitie kwenye mfuko wake wa kufunga, ilale bapa, mbali na boksi la zana. Karatasi iliyotumika isuuze, ianike kwa uso juu, itakufaa tena mara moja au mbili. Iliyoanguka chini kwenye mchanga usiisuuze. Itupe.